Kipa wa Bahati na Ng'ombe Aliyeitwa Serikali

Filimbi nimeshaikabidhi. Iko mfukoni mwa mtu mwingine sasa, na kama siku hizi hamuisikii ikilia sana uwanjani, msije kuniuliza mimi. Nitawaeleza sababu yake mwishoni. Tangu mvua hizi zianze nakaa nyumbani hapa Nakuru. Goti langu la kulia linanitabiria hali ya hewa kushinda redio ya jirani, na mke wangu, Mama Nekesa, amechoka kuniona nikipanga timu mezani kwa vikombe vyake vya chai. Juzi alinipokonya senta fowadi nikiwa katikati ya shambulizi.

"Baba Nekesa," akasema, "kama maneno ni mengi namna hiyo, waandikie hao vijana wako. Vikombe vyangu viache."

Basi nawaandikia nyinyi mtakaokalia benchi langu. Msinitafutie makosa ya kuandika. Nilifika standadi ya pili, na hiyo ya pili mwalimu na mimi hatukuelewana. Wala sitawaeleza nilipanda cheo lini, maana cheo changu kilikuwa kimoja tu: Makokha. Mtu akisema "Makokha" kuanzia Njoro mpaka Naivasha, hakuna aliyeuliza Makokha gani.

Nilikuja mjini kutoka upande wa Kakamega nikiwa kijana wa misuli, nikaandikwa kazi ya kubeba magunia kwenye kinu cha unga. Siku ya kwanza nilitoka kazini mweupe kama mzungu aliyeogopa. Nikajimwagia maji kidogo nikaenda uwanjani, kwa sababu niliambiwa kinu kina timu. Timu yenyewe iliitwa Vumbi, na jina lilifaa mara mbili. Mchana tulikuwa na vumbi la unga, na jioni upepo ukitoka ziwani ulituletea lile vumbi jeupe la magadi linalochoma macho. Kepteni alikuwa Mzee Onyango, beki mwenye miguu ya kuni. Akaniweka winga ya kulia. Nilikimbia, bwana! Nilikimbia mpaka bendera ya kona nikarudi, nikaenda tena. Watu wakapiga makofi. Mzee Onyango akanijia polepole, akanishika bega.

"Kijana, unakimbia vizuri sana," akasema. "Sasa tafuta mpira, ukimbie nao."

Ndiyo siku niliyoanza kufundishwa, nami nilikuwa mwanafunzi mwepesi kama hayakuwa masomo ya ubaoni. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na beki wa upande wa kushoto katika Bonde la Ufa lote aliyelala vizuri usiku wa kuamkia mechi yangu. Nilicheza miguu mitupu. Viatu vya mpira vilikuwa vya makarani; sisi nyayo zetu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na njia za kwetu.

Mzee Onyango hakunifundisha mbio tu. Alinifundisha kutunza mpira wenyewe. Nyinyi mnaona mpira ni kitu cha kupiga. Sisi tulikuwa na mmoja tu, wa ngozi, wenye kibofu ndani na kamba mdomoni kama kiatu. Ukiupiga kichwa upande wa ile kamba, unarudi nyumbani na alama ya kuonyesha watoto. Ukinyeshewa unakuwa mzito kama gunia. Kila Jumapili jioni mzee alinikalisha chini tuusafishe, tuupake mafuta ya kondoo, tuuanike kivulini. Siku moja nilitaka kuukausha karibu na moto. Akaniondolea mikononi.

"Huyu alikuwa ng'ombe," akasema. "Ukimheshimu, atakuheshimu."

Nilicheka. Kumbe yale maneno yalikuwa yananisubiri mbele.

Goti liliniacha kule Molo, katika mvua ya mawe, uwanja ukiwa umegeuka supu. Nilimpita beki wa kwanza, nikampita wa pili, mwili wangu ukampita wa tatu, goti likabaki. Nilikaa nyumbani muda mrefu nikimkasirikia kila mwenye magoti mawili. Kisha Mzee Onyango akamaliza kazi, akaamua kurudi kwao. Tulimsindikiza stesheni timu nzima. Treni ilipoanza kusogea, akatoa kichwa dirishani akanirushia kitu. Nilikidaka: filimbi ya shaba.

"Wewe una mdomo mkubwa," akapiga kelele. "Tia hiyo ndani, angalau itatoa sauti yenye maana!"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa meneja wa Vumbi, mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini. Sikupewa barua wala kusomea. Nilirushiwa.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye kazi. Mchezaji mzuri anajua mwili wake mmoja. Meneja anatakiwa kujua miili kumi na moja, na wake za miili hiyo, na manyapara wao kazini. Nilijifunza kumwambia mtu "leo huchezi" kabla hajavua shati, sio baada. Nilijifunza kukata machungwa ya haftaimu mwenyewe, kwa sababu ukimwachia mtu wa kamati, vipande vikubwa vinabaki kwa kamati. Nilijifunza upepo wa ziwa. Mchana umelala, jua likianza kushuka unaamka na kuvuka uwanja na vumbi lake. Wageni wote wakishinda kutupa shilingi wanachagua upande mzuri mara moja. Mimi niliwafundisha watu wangu kuchagua upande mbaya, ili kipindi cha pili, upepo ukiamka, uwe mgongoni mwetu na machoni mwa mgeni. Timu nyingi zilifungwa na ziwa zikadhani zimefungwa na Vumbi. Sikuwasahihisha.

Shida yangu ilikuwa kipa. Kipa wetu wa zamani alirudi kwao kuoa na hakuonekana tena. Nikajaribu fundi seremala, akawa anaokoa mikono yake kuliko goli. Nikajaribu mpishi wa hoteli, akaudaka mpira kama sufuria ya moto, yaani aliuacha.

Basi siku moja lori la ngano likaja kinuni kutoka shamba la mzungu mmoja huko Bahati. Juu ya magunia alikuwa amekaa kijana mrefu wa Kikipsigis, kimya kama nguzo. Alishuka, nami nikampa mkono kwa heshima. Ndugu zangu, mkono wangu umebeba magunia tangu ujana. Lakini yule kijana alinisalimia kwa upole tu, bila nia mbaya, na mimi nikainuka kwa vidole vya miguu.

"Wewe unafanya kazi gani?" nikamwuliza nikijipulizia vidole.

"Nakamua."

"Ng'ombe wangapi?"

"Mpaka waishe."

Jina lake lilikuwa Kimutai. Nikamwomba asimame mbele ya mlango wa stoo. Nikamwita kepteni wangu, Otieno, mwenye shuti la kuvunja dirisha, nikamwambia apige. Otieno akanitazama. "Meneja, nitamuua mtoto wa watu." Nikamwambia piga. Akapiga. Kimutai aliupokea ule mpira kifuani kama anayepokea ndama anayezaliwa, akaukumbatia, akauangalia kama una afya.

"Tena," akasema.

Otieno alipiga mpaka akavua shati. Hakuna kilichogusa mlango. Tangu siku hiyo nawaambia makocha wenzangu bure, siri ambayo wengine wangeiuza: ukitaka kipa, usimwangalie urefu. Msalimie. Mkamuaji ana vidole ambavyo havilegei hata akisinzia.

Kimutai hakuwa amewahi kuona goli lenye nyavu. Jumapili ya kwanza alizishikashika, akauliza, "Hizi ni za nini?"

"Za kushika mpira."

"Si mimi nitaushika?"

Mwaka ule mechi zetu za kawaida zilichezwa Jumapili asubuhi, watu wakitoka kanisani. Kimutai alikamua alfajiri, akapanda baiskeli ya shemeji yake, akadaka, akarudi Bahati kabla ya kukamua kwa alasiri. Hakuna aliyelalamika. Vumbi hatukufungwa ovyo tena. Tukaingia katika mashindano ya kombe, tukapita huku tukiimba, mpaka nusu fainali. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu mechi kubwa huchezwa alasiri, ili wakubwa wapate kuja baada ya chakula chao. Na alasiri ni saa ya ng'ombe.

Kimutai alifikiri amelimaliza tatizo hilo. Alimwomba yule shemeji yake, mkamuaji wa shamba la jirani, mtu mwenye sifa zake, amshikie zamu. Tukashinda nusu fainali. Aliporudi shambani alikuta mikebe iko nusu na shemeji anachechemea. Ng'ombe walikuwa wamekataa. Ng'ombe anayekamuliwa kwa mkono anamjua mtu wake, sauti yake, harufu ya koti lake, na namna anavyomwita. Akija mgeni na wimbo mwingine, anabana maziwa yote juu na kukutazama. Viwele vilikuwa vigumu kama mawe. Mmoja wao, mwekundu mwenye pembe moja, alikuwa amempiga shemeji teke likampeleka nje ya zizi. Huyo wakamuaji walimwita Serikali, kwa sababu alipiga bila kutangaza.

Mwenye shamba alikuwa mzungu mnene aliyevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kama walivyokuwa wakivaa baadhi yao kuogopa jua letu. Wafanyakazi walimwita Kofia-Mbili. Alikuja zizini, akaitazama mikebe, akamtazama Kimutai. Hakupandisha sauti.

"Siku ingine wewe nakwenda mpira," akamwambia, "wewe nakwenda na kitanda yako."

Mlielewe neno hilo. Nyumba ya Kimutai ilikuwa ya shamba. Mke wake na watoto walikuwa humo. Na ng'ombe wake mwenyewe, wachache aliowapata kwa jasho, walilisha katika majani ya Kofia-Mbili kwa sababu yeye alikuwa mkamuaji wake. Siku zile ukifukuzwa shambani hukuwa na pa kupeleka hata mkia mmoja. Na mbele yetu kulikuwa na fainali, Jumamosi alasiri, na wapinzani wetu walikuwa Moshi, timu ya vijana wa treni, wenye senta fowadi mwenye paja kama pipa.

Tulikutana nyuma ya kinu. Otieno akasema, "Aache ng'ombe wa watu. Aje kinuni, kazi ipo."

Kimutai akafikiri. "Kinu kina majani?"

"Majani ya nini?"

"Ya ng'ombe wangu."

Kimutai akanigeukia, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Meneja, mimi napenda kudaka. Lakini siwezi kudaka na watoto wakiwa barabarani."

Mtu mwingine angetafuta kipa mwingine. Lakini mimi ni Makokha. Nikapiga kifua nikasema, "Nitakamua mimi."

Walicheka mpaka mmoja akalala juu ya magunia. Otieno alikuwa anafuta machozi. "Meneja, wewe hata chai ya maziwa unatiliwa na Mama Nekesa!"

"Mama Maziwa!" mwingine akaita. "Kesho utatuletea na siagi?"

Kwetu sisi, mwanaume wa umri wangu kukaa chini ya ng'ombe wa mtu lilikuwa jambo la kuimbiwa. Na waliniimbia. Mimi nikawaacha waimbe. Timu inayokucheka inakupenda.

Nilikwenda kwa Kofia-Mbili mwenyewe, kofia yangu mkononi, moja tu.

"Wewe nani?" akauliza.

"Mimi Makokha, Bwana, meneja wa Vumbi, winga wa zamani ambaye hakuna beki—"

"Mimi hapana uliza hiyo. Wewe nataka nini?"

"Nataka Kimutai siku ya fainali."

"Na ngombe?"

"Nitakamua mimi."

Alicheka hadi ile kofia ya juu ikacheza na ya chini ikabaki imetulia. Kisha akaacha kucheka. "Kama mikebe najaa, mimi hapana uliza mkono ya nani. Kama hapana jaa, Kimutai nakwenda. Na kitanda."

Zamu yangu kinuni ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo kila mchana nilipanda baiskeli kwenda Bahati, na ile njia ni ya kupanda, mnaijua. Kimutai akanifundisha. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unapaka mafuta vidoleni. Usivute, mtu wa kuvuta ni mwizi. Unafunga juu kwa gumba na kidole cha kwanza, kisha unashuka kidole kwa kidole, ukisukuma maziwa kama unayemsindikiza mgeni mlangoni. Nilifikiri ni mchezo. Mimi niliyebeba magunia mawili mara moja nilishindwa na kitu kidogo kuliko kidole changu. Siku ya kwanza mikono ilivimba, na Mama Nekesa akanilisha ugali kama mtoto, huku akisema hakuna kitu alichokifurahia hivyo tangu arusi.

Mikono ikazoea. Kilichokataa ni ng'ombe. Nilivaa koti kuukuu la Kimutai, lenye harufu yake na ya zizi, wakanikubali kwa pua. Lakini Kimutai aliwaimbia, sauti nyembamba ya kwao, ya kubembeleza. Mimi nilipoanza kuimba, Serikali aligeuza kichwa akanitazama kama refa aliyetukaniwa mama. Hakutoa hata tone. Nikabadilisha wimbo, nikatia wa kanisani. Teke.

"Usiimbe tena," Kimutai akasema. "Tafadhali."

Nikakaa pale kwenye kigoda nimekata tamaa. Siku ya fainali ilikuwa karibu, na mawazo yangu yakarudi uwanjani yenyewe. Nikaanza kunong'ona nilivyozoea kunong'ona benchini, bila kujijua: "Haya, Otieno, taratibu. Usiharakishe. Mpe winga. Vizuri. Winga, inua kichwa, ndiyo, rudisha ndani..." Nikasikia sauti kwenye ndoo. Shii, shii. Serikali alikuwa ameachia. Nikaendelea kupanga mashambulizi, naye akaendelea kumimina, macho yamelegea. Kimutai alisimama mdomo wazi, na huyo si mtu wa kufungua mdomo ovyo.

"Anapenda mpira," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia hapo sikuimba. Kila ng'ombe nilimchezea mechi yake, na wote walitoa. Hakuna meneja mwingine katika nchi hii aliyefundisha timu mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa na miguu minne.

Siku ya fainali nilikusanya watu wangu uani pa kinu mapema. Nikamwambia Otieno, "Ukishinda shilingi, chukua upande mbaya. Ngojeni upepo. Mkifungwa kabla ya haftaimu msilie. Mkifunga baada ya hapo msisimame." Nikampa filimbi ya Mzee Onyango aipeleke benchini, ikae pale mahali pangu. Kisha nikavaa koti la Kimutai. Yeye alikuwa ameshuka na lori la shamba lililokwenda mjini kwa shughuli za Jumamosi. Tulipeana mikono, na kwa mara ya kwanza nami nilimminya kidogo.

"Usibakishe," akaniambia.

"Wewe usiachie," nikamwambia.

Nikapanda baiskeli kuelekea Bahati, mgongo kwa uwanja. Watu waliokuwa wakiteremka kwenda kwenye mechi walinishangaa. "Makokha! Uwanja uko huku!" Nikawapungia mkono tu. Nawaambia kweli, barabara ile haijawahi kuwa ndefu hivyo.

Nilianza na ng'ombe wapole. Nilipofika kwa wa tatu, nikajua kwa jua kwamba mpira umeanza. Nikacheza fainali nzima mdomoni. Nilimwekea yule senta fowadi wa Moshi beki wawili. Nikapiga kelele za kunong'ona. Nilipoona majani ya miti yameanza kutikisika, nikajua upepo umeamka na kule mjini vumbi linaingia macho ya Moshi, nikakamua kwa nguvu zaidi. Nikafika kwa Serikali mwisho. Hapo nikahisi mtu nyuma yangu. Kofia-Mbili amesimama mlangoni mwa zizi.

"Wewe nazungumza na nani?"

"Na timu yangu, Bwana."

Akatazama ng'ombe. Akatazama mikebe iliyojaa. Kisha akauliza, chinichini, "Nani nashinda?"

"Bado sifuri kwa sifuri, Bwana. Lakini tunakuja."

Akatikisa kichwa akaondoka. Aliondoka polepole, nami nikaona anajaribu kusikiliza.

Nilimaliza. Mikebe ilijaa yote. Nikakaa juu ya ukuta wa zizi, jua limeegemea ukingo wa Menengai, nikatega sikio barabarani. Timu ikishinda, mnajua wenyewe, inaimba. Vumbi wakishinda hata wafu wa Nakuru walijua. Nikasikia lori. Nikasikia gia zake likipanda kilima, likikaribia, likiingia getini. Hakuna wimbo. Hakuna hata mtu aliyekohoa.

Moyo wangu ukaanguka ndani ya ndoo. Lori likasimama mbali na zizi. Nyuma yake walikuwa wamejaa watu wangu wote, weupe kwa vumbi, wamekaa wima kama walio msibani. Kimutai akashuka peke yake. Kiwiko kilikuwa kimechubuka na damu imekauka. Alinipita bila salamu. Akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akawagusa viwele mmoja mmoja kwa kiganja. Akafika kwa Serikali, akachuchumaa.

"Umebakisha," akasema.

"Kimutai, mpira—"

Akakamua matone ya mwisho taratibu, mpaka yakaisha. Ndipo akasimama, akajipangusa.

"Moja bila."

"Ya nani?"

"Yetu."

"Na kiwiko hicho?"

"Penalti. Yule wa paja." Akafikiri namna ya kueleza. "Teke lake ni jepesi kuliko la Serikali."

Nilifungua mdomo nitoe sauti ambayo ingefika Sachangwan. Haikutoka. Ule mkono wake ulikuwa umekwisha kunifunika uso mzima.

"Meneja," akaninong'oneza, "ng'ombe. Ukipiga kelele hapa, kesho hawatoi."

Kumbe ndiyo sababu ya kimya chote kile. Tangu kwenye geti alikuwa amewakataza, na wanaume wazima walioshinda kombe walikuwa wamebana vinywa vyao kwa mikono, wengine wamejaza mashati mdomoni. Sasa wakashuka. Wakanizunguka pale uani, na tukacheza. Tulicheza ngoma isiyo na sauti, kunyata na kuruka, mabega tu na magoti, mimi na langu bovu. Otieno alikuwa analia bila kutoa mlio. Walinibeba juu juu kimyakimya kama wezi wanaobeba kabati. Ng'ombe walitutazama huku wakitafuna, hawakutikisika.

Kofia-Mbili alitoka na taa. Akaona mikebe yake, akaona watu wazima wanaruka kimya zizini kwake. Kisha akavua kofia moja, ya juu, akaishika kifuani. Ile ya pili alibaki nayo, lakini kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa. Akachukua kikombe chetu cha ushindi mikononi mwa Otieno, akakichovya mwenyewe ndani ya mkebe, akakileta kimejaa maziwa. Nilikunywa wa kwanza. Nyinyi mtapata vikombe vyenu na bia yake. Kombe la kwanza la Vumbi lilinywewa maziwa, na aliyeyakamua ni mimi.

Tulipovuka geti na kufika barabarani, hapo tukaachia. Mbwa wote wa Bahati waliamka.

Nimeshinda mechi nyingi baada ya hapo, na nimezieleza mara nyingi katika kila duka la chai. Lakini mkiniuliza fainali yangu kubwa, ni ile ambayo sikuiona hata dakika moja. Kimutai sasa ana wakamuaji chini yake, na zamu yake ya alasiri inashikwa. Ndiyo maana nilipochoka nilimpa yeye filimbi. Naye haipulizi. Nimekwenda kumtazama akifundisha: anatembea kati ya wachezaji mikono nyuma, anawanong'oneza mmoja mmoja, na wanacheza. Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikasimama ukingoni nikaanza kupiga kelele kama zamani. Alikuja kwangu taratibu, akanishika bega kwa mkono ule.

"Mzee," akasema, "ukipiga kelele, kesho hawatoi."

Nikakaa chini. Bega bado linauma.